Maulid na Watu wa Ndege

Mdogo wangu Maulid alikuwa na darubini, na kwa muda mrefu aliificha kwenye mfuko wa mkate. Mtu mzima, mstaafu, mwenye ndevu nyeupe, anaificha darubini kama kijana anavyoficha sigara. Nilikuwa naishi naye nyumba moja, Sparkhill, hapa Birmingham, Uingereza, tangu mkewe Mwanakhamis alipofariki, na sikujua kitu. Nilikuja kuambiwa na mwanamke wa duka la vitambaa pale Stratford Road.

"Bi Zainab," akaniuliza huku anapima kitambaa, "goti la Maulid linaendeleaje?"

"Goti gani?"

"Si anakwenda hospitali kila Jumapili asubuhi? Mume wangu kamuuliza msikitini, kamwambia ni goti."

Nikamwambia goti halijambo, kwa sababu mambo ya nyumba yangu siyafungui juu ya kaunta ya mtu. Nikachukua kitambaa changu nikarudi nyumbani. Maulid nikamkuta jikoni anakaanga yai.

"Maulid."

"Naam, dada."

"Hospitali gani hiyo inayofungua Jumapili alfajiri kutibu goti?"

Yai likaungua. Alizima jiko, akapanda juu, akarudi na mfuko wa mkate, akautia mezani na kutoa darubini nyeusi, nzito, iliyokwisha tumiwa na mwingine kabla yake. Akasema anakwenda kuangalia ndege. Nikamuuliza, akishawaangalia anawafanya nini? Akasema hawafanyi kitu. Anawaangalia, basi, kisha anarudi nyumbani.

Nilicheka hata nikashika ukuta. Nikamwambia, "Maulid, baba yetu angefufuka leo akakukuta umejibanza kwenye majani unawachungulia chiriku, angekufa tena."

Yeye hakucheka. Aliirudisha darubini mfukoni taratibu, akasema, "Usimwambie mtu, dada." Aliona haya. Nami nikaona ana haki ya kuona haya, nikamwachia.

Ili ujue kwa nini nilicheka, lazima nikwambie tulikotoka. Sisi ni watu wa Pemba, watu wa bondeni, watu wa mpunga. Mpunga ukitoa mashuke, ndege hushuka, na watoto hupelekwa shamba kuamia, yaani kukaa huko tangu jua halijatoka mpaka linakuchwa, kuwafukuza. Baba alijenga madungu mawili, vile vichanja virefu vya miti vya kukalia juu, moja upande huu wa bonde na jingine upande ule. Mie huku, Maulid kule. Kila mtu na teo lake la kurushia madongo na debe lake la kupiga.

Na tulikuwa na mwito. Kundi likija upande wangu, mie hunyanyuka nikaita, "Hao hao haooo!" Na Maulid kule hana budi kujibu papo hapo, "Waje kwanguuu! Nawangojaaa!" huku anapiga makofi na kuzungusha teo. Haukuwa mchezo ule. Mwito usipojibiwa, maana yake aliye kule kasinzia, na baba alikuwa ukingoni na jembe lake, anasikia. Maulid alikuwa mdogo na usingizi ukimpenda. Bakora alizila mpaka akajua kujibu macho yamefumba. Hata nyumbani, amelala kitandani, nikimchokoza nikasema "hao hao," alijibu na kupiga makofi, kisha akageuka upande wa pili na kuendelea kukoroma.

Aliondoka kwetu akiwa kijana, baada ya yale ya sitini na nne. Alipita Mombasa, akabeba mizigo huko, kisha akapata njia ya kuja huku. Birmingham ilimpa kazi Saltley, kwenye kiwanda kidogo cha bawaba za milango. Humo alisimama mbele ya mashine moja mpaka nywele zikageuka. Akamwoa Mwanakhamis, wasijaaliwe mtoto. Ni mtu kimya. Msikitini anakaa safu ya nyuma, arusini anakula anaondoka. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayesema sori. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu amemkabidhi Maulid jambo la kuongoza, hata kugawa maji kwenye hitima.

Kiwanda kikafungwa, na haukupita muda Mwanakhamis naye akatangulia mbele ya haki. Nilipokuja kukaa naye nilimkuta anashinda kwenye ngazi za ndani, si juu si chini, koti kalivaa na hana anakokwenda. Nilipika, nikafoka, nikafua mapazia. Haikusaidia. Aliyemtoa pale ni Sukhdev.

Sukhdev ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, walifanya kazi pamoja Saltley, mashine kwa mashine. Anasema Kiswahili cha dukani kwao na hajali nani anacheka. Siku moja alisimama mlangoni akamwambia, "Maulid, wewe nakaa hapa mpaka nageuka kiti. Vaa kiatu, twende ona ndege." Mie nilidhani ni mzaha wake, wanakwenda kunywa chai. Kumbe ndiyo ikawa dawa yake.

Basi, mwaka 2006, Shaaban inaelekea kwisha, Maulid aliniletea chai chumbani. Hajawahi kuniletea chai chumbani. Nikajua kuna jambo.

"Dada, Jumapili una shughuli?"

"Shughuli yangu ni kukaa kwangu."

"Nataka twende pamoja."

"Kwenye ndege?"

"Kwenye ndege."

Akanieleza. Mkubwa wa chama chao cha kuangalia ndege, Mzungu mmoja anayeitwa Damien, alikuwa amechoka na alikuwa akitafuta mtu wa kuongoza matembezi ya Jumapili. Alikuwa amemwambia Maulid aongoze mara moja, watu wamwone. Akifanya vizuri, Jumapili zote zitakuwa zake. Na wote watakaokuja wanakuja kwa ajili ya ndege mmoja mgeni, mpita njia, ambaye Maulid mwenyewe ndiye aliyemwona kwanza katika uwanja wanaotembelea.

"Na huyo ndege wenu mie ananihusu nini?"

Akakizungusha kikombe changu kwenye kisahani. "Wenzangu huja na watu wao. Mke, mtoto, ndugu. Mimi sijawahi kuja na mtu."

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshakubali, lakini mtu hakubali upesi hivyo.

Jumapili hiyo nilipika mahamri, nikayatia kwenye mfuko wa nailoni, nikavaa koti na juu yake kanga yangu nyekundu. Maulid alinitazama pale mlangoni.

"Dada, hiyo rangi..."

"Imefanya nini rangi?"

"Ndege wataiona."

"Waione. Niliinunua ionekane."

Tukapanda basi, tukabadilisha, tukapita Perry Barr, tukashuka mahali ambapo hapana hata duka. Sukhdev alikuwa ametungoja kituoni, kilemba cha bluu, darubini kifuani kama medali.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya reli. Zamani palikuwa na maghala, yakabomolewa, na chama chao kikapanda nyasi ndefu, mbegu za Marekani, zile za nyika zao kubwa ambako ng'ombe hupotelea ndani. Mie nilitazamia kuona uwanja wa mpira. Tulipopita kilango nikasimama. Nyasi zilinifika kifuani, zimetoa mashuke, zimekuwa za rangi ya dhahabu iliyochujuka, na upepo ukipita zinalala zote upande mmoja kisha zinanyanyuka.

"Maulid," nikasema, "mpunga huu umekomaa. Wavunaji wako wapi?"

Akatabasamu, na si mtu wa kutabasamu. "Ndiyo maana napapenda hapa, dada."

Watu wenyewe walikuwa wazee wenzetu, makoti ya rangi ya matope, viatu vya kwendea vitani. Damien ni mrefu, mwembamba, hata jina lake analisema kwa kunong'ona. Palikuwa na bibi mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikampenda. Damien alipoiona kanga yangu alikwenda kwenye gari lake akatoa koti la kijani, kubwa kama hema, akaniomba kwa ishara nilivae juu. Ningekataa. Lakini Maulid alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba, nikalivaa. Lilinuka mbwa wa watu.

Kisha Damien akamvisha Maulid kizibao cha kijani chenye nembo ya chama mgongoni. Na hapo mdogo wangu akageuka mtu mwingine, sikumjua. Alitangulia mbele kwenye kinjia, mgongo umenyooka. Akinyanyua mkono, wote wanasimama. Akionyesha kidole, shingo zote zinageuka. Alisema Kiingereza kwa sauti ndogo lakini haikutetemeka, na wale watu waliomaliza vyuo vyao walimsikiliza kama wanafunzi. Mie nikatembea nyuma, ndani ya lile koti la mbwa, nimefura kwa fahari. Nikawa nasema moyoni, laiti Mwanakhamis angekuwepo. Laiti angekuwepo yule mwanamke wa vitambaa pia.

Tulifika mahali palipowekwa magogo ya kukalia, mbele yetu nyasi tupu. Maulid akasema tungoje hapa, na tuwe kimya kabisa.

"Kwani ndege huyu anakwenda wapi?" nikamuuliza.

Akanisogelea sikioni. "Afrika. Baridi ikianza huku, anakwenda Afrika."

"Afrika wapi?"

"Hajasema. Nyamaza, dada."

Nikanyamaza. Baada ya muda nikafungua mfuko wa mahamri, kwa sababu Sukhdev alikuwa ameshautazama sana. Nailoni ikalia kwar-kwar-kwar. Watu wote wakageuka. Maulid akaweka kidole mdomoni.

"Mama," Sukhdev akaninong'oneza, mkono wake uko ndani ya mfuko, "hii karatasi yako napiga kelele kama treni."

Nikaufunga. Baridi ikanipanda miguuni. Nikakohoa, Maulid akanigeukia tena. Mie ndiye niliyembeba mgongoni mtoto huyu, nikamtoa vijiti miguuni, leo ananiambia ss, ss, kama kuku. Lakini nilivumilia, kwa ajili ya kile kizibao.

Kisha Maulid akavuta pumzi. Wote wakajua. Juu ya mbaruti mrefu katikati ya nyasi alikuwa ametua ndege mdogo, kifua rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho kama mtu aliyechora nyusi. Bibi wa nywele nyeupe alimwona, akaziba mdomo kwa mkono. Sukhdev akamwona. Mie pia nilimwona, nikasema moyoni, huyu ndiye wa kututoa kitandani? Lakini Damien hakumwona. Miwani yake ilikuwa imeingia ukungu, akaivua, akaifuta kwa shati, akarudisha darubini machoni akawa anamtafuta huku na huku. Maulid akasimama karibu naye, bega kwa bega, anamwelekeza: kushoto, kushoto kidogo, ule mti wa miiba mrefu. Wakati huo ndio kundi lilipokuja.

Lilitokea upande wa reli. Chiriku wa huku, wadogo, uso mwekundu, bawa lina mstari wa njano, wengi, wanakuja kwa kuruka na kuzama, kuruka na kuzama, wanapiga kelele zao za furaha. Wakazunguka juu ya nyasi mara moja, kisha wakashuka wote pamoja juu ya mashuke. Mashuke yakainama.

Nitasema kama ilivyokuwa. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Maulid, nimekaa kimya mpaka ulimi unaniuma, na kundi lile likashuka kama walivyokuwa wakishuka bondeni kwetu, na mdomo wangu ukasema, chinichini, kama mtu anayejisemea jikoni:

"Hao hao haooo."

Na Maulid akajibu.

Hakugeuka. Hakufikiri. Shingo ilinyooka, kifua kikafunguka, na mtu ambaye hata salamu huitoa kwa nusu sauti akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya reli. "Waje kwanguuu! Nawangojaaa!" Akapiga makofi, pa, pa, pa, kama mbao zinazogongana. Mguu ukapiga chini. Na mkono wake wa kulia ukapanda juu ya kichwa ukazunguka, ukazunguka, hauna teo, hauna dongo, lakini ulizunguka.

Uwanja mzima ulipaa. Chiriku waliondoka kama shuka iliyokung'utwa. Njiwa wa relini wakaondoka. Hata kunguru waliokuwa mbali, wasiohusika, wakaondoka wanalalamika. Na Damien alikuwa hatimaye ameuona ule mbaruti, darubini imetulia machoni, anautazama. Ulikuwa mtupu, unatikisika.

Damien akaishusha darubini, akamtazama Maulid usoni. Mkono wa Maulid ulikuwa bado juu. Akautazama kama si wake, akaushusha polepole, akaushika kwa mkono wa pili.

"Sori," akasema. "Sori. Sori sana."

Damien akasema neno fupi. Nikamuuliza Sukhdev kasema nini.

"Anasema haidhuru."

"Basi si haidhuru?"

"Mama, Mzungu akisema haidhuru, wewe jua imedhuru."

Wengine waliangalia viatu vyao. Mmoja akaanza kufuta kioo cha darubini ambacho kilikuwa safi. Yule bibi wa nywele nyeupe ndiye aliyemwonea Maulid huruma. Alimsogelea akamuuliza jambo kwa upole, na Maulid, macho yako chini, akamjibu. Uso wa bibi ukafunguka. Akamwekea mkono begani, akawageukia wenzake akawaambia, nao wakaanza kutikisa vichwa na kutabasamu. Nikaona mambo yanakaa vizuri. Hata Damien alitabasamu kidogo.

"Wanasema nini?" nikamuuliza Sukhdev.

Sukhdev alikuwa anatafuna ndevu. "Bibi nauliza hii wimbo ni ya nini. Maulid nasema, hii ni wimbo ya kwao ya kusalimia ndege."

"Ya nini?"

"Kusalimia. Kama, jambo, habari gani, ndege."

Damu ikanipanda masikioni. Asubuhi nzima nimenyamazishwa. Nimevishwa koti la mbwa. Yote nimestahimili. Sasa baba yetu, aliyekuwa akiingia shambani kwake na jembe begani na watu wakimpisha, amegeuzwa mpumbavu anayesimama bondeni kuamkiana na chiriku.

"Maulid," nikasema, "umewaambia nini watu hawa?"

"Dada, nyamaza."

"Baba alikuwa akisalimiana na ndege?"

"Dada, nakuomba."

"Sukhdev, waambie kweli."

"Mama, hii kitu wacha."

"Waambie! Au hujui Kiingereza?"

Nikasema, na kila nikikata neno nikamtazama Sukhdev mpaka akafasiri. Nikawaambia sisi ni wakulima, si watu wa kuchezea nafaka. Nikawaambia ndege walikuwa wanakula riziki yetu, nasi tulikuwa tukiwafukuza toka asubuhi hadi jioni, tukiwapiga kwa mateo, na wanaoanguka tukiwanyonyoa tukiwachoma juu ya makaa. Nikawaambia huyu Maulid wenu mnayemwona, ingawa alikuwa mdogo, bonde zima hapakuwa na mtoto mwenye shabaha kama yake. Dongo lake halikuwa likirudi bure.

Nilidhani namsifu. Wallahi nilidhani namsifu. Nilisimama pale nimetoa kifua, nangoja wamtazame mdogo wangu kwa heshima.

Mkono wa yule bibi ukaondoka begani mwa Maulid. Haukuondoka kwa hasira. Uliondoka polepole, kama mtu anavyoweka chini kikombe alichopewa na mwenyeji na hataki kukinywa. Akatabasamu bado, lakini macho hayakutabasamu. Na Maulid hakunitazama mimi wala yeye. Alikuwa anautazama mkono wake ule wa kulia.

Matembezi aliyamaliza. Alituzungusha uwanja wote, akaonyesha alivyopaswa kuonyesha, na watu wakamwitikia kwa adabu, tena adabu nyingi, ile ya mgonjwa. Hawakuuliza tena maswali. Ndege mgeni hakurudi.

Kilangoni, Maulid alivua kizibao. Damien akamwambia jambo, nikalifahamu bila ya kufasiriwa, kwamba watazungumza, si lazima leo. Maulid akaitikia kwa kichwa. Akakikunja kizibao vizuri, ncha kwa ncha, kama mtu anayekunja nguo ya maiti, akakiweka juu ya boneti la gari. Damien hakukichukua, wala hakumrudishia. Kilibaki pale juu ya boneti, na wote wawili wakawa hawakitazami. Nami nikalivua lile koti nikaliweka pembeni yake. Kanga yangu ikaonekana uwanja mzima, nyekundu, nikatamani ardhi inimeze.

Sukhdev alikwenda zake kwa basi jingine. Tukakaa kituoni, Maulid ncha hii ya benchi, mie ncha ile, mfuko wa mahamri katikati.

"Kula," nikamwambia.

"Sina njaa."

"Nilikuwa nakutetea."

"Najua, dada."

"Wewe ulisema uongo."

"Najua."

"Sasa mbona unanuna kama umefiwa? Ndege ni ndege, kesho watakuja wengine."

Akageuza uso, akayatazama magari. Kisha akasema, anaongea na barabara, si na mimi:

"Unadhani naona haya kwa kupiga kelele."

"Kwani si hilo?"

"Si hilo. Wala si ulichowaambia." Akakunja vidole vyake. "Nilifurahi, dada. Walipopaa wote pamoja, nilifurahi. Siku zote hizi nimekaa kimya nikiwaangalia, nikadhani ninawapenda, na labda nawapenda. Lakini sijawahi kufurahi vile. Kisha nikageuka, nikakuta Damien ananitazama usoni. Ameniona nimefurahi."

Nikaufunga mfuko wa mahamri.

"Kwa hiyo uongo wangu haukunisaidia," akasema, "na kweli yako haikunidhuru. Alikwisha ona."

Mie ni mtu wa kujibu. Nimewajibu wakubwa na wadogo, nimewajibu makarani wa serikali mbili. Pale kituoni nilitafuta jibu sikulipata. Nililoliona ni kwamba mie ndiye niliyeita. Kama nisingeita, asingejua hilo jambo lake, na angekaa na ndege wake mpaka mwisho wa umri wake, kimya, akidhani anawapenda tu. Basi likaja, akaninyanyulia mfuko wangu, akaniacha nipande kwanza, kama kawaida yake.

Damien alipiga simu wiki ile. Maulid aliipokea kwenye ngazi, nami nilikuwa jikoni nimefunga bomba ili nisikie. Nilisikia "naam, naam" za Kiingereza, kisha maneno mengi; baadaye Sukhdev akaniambia yeye mwenyewe alisema wampe yule bibi aongoze, yule bibi atafaa zaidi. Hakuna aliyemnyang'anya. Alijitoa.

Bado anakwenda. Sukhdev ndiye anayeniambia, kwa sababu Maulid hanihadithii. Anasema siku hizi hutembea wa mwisho, nyuma ya watu wote, mikono mifukoni.

"Kwa nini mifukoni?" nikamuuliza.

"Baridi, mama," akasema Sukhdev, na akaangalia pembeni.

Nimetaka kumwomba radhi. Lakini mie ndiye mkubwa, na katika ukoo wetu sijapata kumwona mkubwa akimwomba radhi mdogo, sijui hata huanzaje. Siku moja nilimpelekea mchuzi mezani, neno limefika kwenye meno kabisa.

"Maulid."

"Naam, dada."

"Chumvi imezidi?"

"Hapana, dada. Iko sawa."

Jumapili alfajiri nasikia anashuka ngazi, viatu kavishika mkononi ili asiniamshe. Nimeshaamka zamani, nimeshasali, niko juu ya mswala. Ningeweza kutoka nikamwambia nenda salama. Lakini sijui nimtazame kwa uso gani. Nakaa vivyo hivyo, nimezuia pumzi, mpaka nisikie mlango wa mbele umefungwa.